Kitunguu Kwenye Simu ya Mkunga

Kufua glavu si kazi ya kila mtu. Ukisugua sana zinatoboka, ukisugua kidogo zinanuka, na ukizianika juani zinakakamaa kama mikono ya maiti. Mama Povu alizijulia. Alikuwa akizigeuza nje ndani, anazipuliza moja moja kama mtoto na puto, akiona hazivuji anazining'iniza kivulini vidole vikitazama chini. Zikikauka anazipaka unga na kuzipanga jozi jozi ndani ya boksi lile lile zilimotoka. Boksi lenyewe liliandikwa kwamba zivaliwe mara moja zitupwe, lakini maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni na Mama Povu aliishia darasa la nne. Katibu wa hospitali alimwambia huko ndiko kubana matumizi, akamsifu mbele ya watu, akamwongezea na miche miwili ya sabuni. Mtu akikupa sifa na sabuni kwa siku moja, utamuuliza nini tena?

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemlea peke yake tangu mumewe, mlinzi wa geti, alipofariki. Binti huyo alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi pale pale hospitalini. Mama Povu alimsomesha kwa mikono iliyochubuka kwa magadi, na kila alipomwona akipita uani na sare yake nyeupe, aliacha kufua makusudi ili wenzake nao wageuke kutazama. Sare ile aliifua mwenyewe, kwenye beseni yake peke yake, isichanganyike na mashuka ya watu.

Basi siku moja gazeti likatoa picha. Ilikuwa picha ya kamba ya glavu, zimening'inia nyuma ya chumba cha kufulia kama popo. Bi Pasi, mpiga pasi wa chumba cha pili, mwanamke ambaye ulimi wake uliunguza kuliko pasi yake, ndiye aliyeleta gazeti.

"Umetoka gazetini, shoga yangu," alisema. "Umebakisha kuolewa tu."

Akamsomea kichwa cha habari na mistari miwili ya mwanzo, kwamba hospitali inafua glavu na kuzirudisha wodini, na kwamba aliyetuma picha hajulikani, hata gazeti lenyewe halimjui, maana ametumia njia ya kujificha. Huko chini kuliandikwa kuhusu wanawake kumi na mmoja waliopata homa baada ya kujifungua, na wawili waliokufa. Huko Bi Pasi hakufika, mvuke ulishaanza kumwita. Mama Povu alichokisikia ni kwamba mtu asiye na jina amemuumbua kwa kazi aliyosifiwa. Alimlaani mtu huyo mchana kutwa. Alimwombea majipu, tena pale ambapo mtu hawezi kukalia.

Katibu alikana. Aliwaambia waandishi kwamba zile ni glavu za wasafisha vyoo. Kisha akaja uani kwa sauti ya chini kumwagiza Mama Povu kuanzia siku hiyo aanike ndani, nyuma ya tangi la maji moto. Na kwa kuwa alitaka kumjua aliyetuma picha, akamlipa mtaalamu wa kompyuta amtafute. Mtaalamu akakaa wiki nzima ofisini, akanywa chai ya watu, asimpate. Ndipo ilipoamuliwa kwamba kama mwizi hakamatiki, basi watu wafundishwe kumwogopa. Wafanyakazi wote wasio zamu wakaitwa semina.

Mtaalamu akawasha mashine yake ukutani ikatokea picha ya mlima wa barafu uliozama baharini. Akasema kile kidogo kinachoonekana juu ndicho mtandao mnaoujua nyinyi, na huku chini ndiko kwenye mtandao wa giza. Huko, alisema, watu hawana majina wala nyuso. Huko huuzwa dawa za kulevya, figo, bunduki, na watoto wachanga. Mlango wa kuingilia ni alama ya kitunguu cha zambarau kilichokatwa nusu, na mkikiona kwenye simu ya mtu, huyo si mwenzenu tena. Mtu mwema, akamalizia, hana sababu ya kujificha.

Mama Povu alinyoosha mkono akauliza, kama huko ni giza na hakuna mwenye jina, muuza figo na mnunuzi wanajuanaje wasije wakauziana za mbuzi. Watu walicheka mpaka Katibu akagonga meza. Lakini yeye hakuuliza kwa mzaha, na neno alilotoka nalo mle ndani lilikuwa moja: watoto wachanga.

Jioni ya siku ile, kama jioni zote, aliazima simu ya binti yake asikilize salamu za dada yake, kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa imekufa spika. Binti hakuwahi kumfungia mamake simu ile, na tarakimu za kuifungulia alimfundisha mwenyewe. Mama Povu akapapasa vile vialama kwa kidole chake kilichokunjamana, na katikati ya saa na kalenda akakiona kitunguu. Cha zambarau, tena kimekatwa nusu.

Alisikiliza salamu za dada yake hadi mwisho bila kusikia hata neno, akarudisha simu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kesho yake alijipa kazi ya kupeleka mashuka wodi ya wazazi mwenyewe, akapeleka mara tatu. Kila akifika alihesabu watoto, kisha akahesabu majina kwenye ubao. Mara ya kwanza watoto walizidi kwa mmoja, akachanganyikiwa, maana mwizi wa kuongeza hajawahi kumsikia. Kumbe ni mapacha walioandikwa mstari mmoja. Mara ya tatu alipungua mmoja, akazunguka wodi nzima akimtafuta, hadi alipomwona ubavuni mwa nyanya yake akibembelezwa nje ya mlango.

Alijaribu kumzungukia binti yake kwa maneno. Walikuwa wakikunja nguo, akasema kama asemaye na ukuta kwamba siku hizi kuna watu wanajificha nyuso huko kwenye mitandao, na mtu mwema ajifiche kwa nini. Binti akatabasamu. Akamkumbusha kwamba barua za uchumba wake na marehemu baba zilipitishwa getini ndani ya mashuka yaliyokunjwa ili matroni asizione. "Na wewe ulikuwa unauza figo, mama?" aliuliza.

Siku nyingine Mama Povu angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo aliona mtoto ameshajitetea kabla ya kushtakiwa. Usiombe mtu mzima aogope jambo analolijua nusu, ataijaza nusu iliyobaki kwa mikono yake mwenyewe.

Akaenda kwa Katibu. Katika miaka ishirini na tisa alikuwa ameingia ofisi ile mara mbili, zote kubadilisha mapazia. Siku hiyo Katibu alimvutia kiti.

"Nisaidie kumrudisha mwanangu, baba," Mama Povu alisema. "Sitaki afungwe. Nataka aonywe tu, na watu wazima, kabla hajaniharibikia."

Katibu hakuinua sauti. Akauliza kama kitunguu kilikuwa cha zambarau. Akauliza binti alikuwa zamu siku zipi mwezi uliopita, na kama dirisha la chumba cha wakunga hutazama uani. Mama Povu alijibu yote, hata yale asiyoulizwa, kama mgonjwa anavyomweleza daktari ili apate dawa iliyo sawa. Mwisho Katibu akamshika bega akamwambia amefanya jambo la mzazi kweli. "Na usiwe na wasiwasi," alisema. "Jina lako halitatoka ndani ya chumba hiki." Mama Povu alirudi kwenye mabeseni yake mwepesi, akafua siku ile kama msichana.

Siku ya tatu binti alirudi nyumbani saa nne asubuhi na barua mbili. Moja ya kumfukuza kazi. Ya pili ilikuwa nakala ya mashtaka kwenye baraza la wakunga, kwamba ametoa siri za hospitali kwa kutumia mtandao wa wahalifu, na leseni yake iondolewe. Alimsomea mama yake jikoni, taratibu, mpaka mahali palipoandikwa kwamba hayo yamejulikana kwa taarifa ya mtu aliyeomba jina lake lisitajwe.

"Uliuza nini?" Mama Povu aliuliza.

Binti aliziweka barua mezani. Akasema hakuuza kitu. Alituma picha ya glavu. Kile kitunguu kazi yake ni kuuviringisha ujumbe ganda juu ya ganda, mpaka anayeupokea asijue umetoka kwa nani. Wezi wanakitumia, ndiyo, kama wanavyotumia viatu. Akaeleza habari za mzazi wa kitanda cha saba, aliyejifungua mtoto mzuri wa kiume akafa siku ya nne kwa homa. Yeye ndiye aliyemzalisha. Alifungua boksi akidhani ni jipya.

"Nikasikia harufu ya sabuni yako," alisema. "Ndani ya boksi."

Mama Povu alimkumbuka mgonjwa wa kitanda cha saba kwa mashuka yake tu, maana ndivyo alivyowajua wagonjwa wote.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia ungelala? Na ile picha niliikata. Mkono wako ulikuwa unaonekana pembeni, unabana kibanio. Niliukata ili wakitafuta mtu wasianze na wewe."

Maji yalikuwa yakichemka jikoni na hakuna aliyeyaepua. Mama Povu aliona mambo mawili ya kufanya. Angeweza kunyamaza, na jina lake lingelala salama kwenye droo ya Katibu mpaka afe.

"Ni mimi niliyekwenda kwa Katibu," alisema.

"Najua," binti alijibu. "Simu yangu haijawahi kushikwa na mkono mwingine." Akainuka akazima jiko. Tangu siku ile, akipewa chakula anashukuru kama mgeni.

Siku ya baraza Mama Povu alivaa gauni lake la misibani na la harusi, maana alikuwa na moja. Hakuitwa, alijipeleka. Nyuma ya meza walikaa wajumbe watatu, Katibu pembeni yao na faili. Binti alisimama mbele. Alipoulizwa kama ni yeye aliyetuma picha alikubali, na alipoulizwa ushahidi kwamba glavu zile zilirudi wodini, alisema hatawataja mashahidi, wana kazi zao na watoto wao.

Ndipo Mama Povu akasimama. Akataja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, karani aandike. Akasema glavu alizifua yeye, kwa mikono hii, akaeleza jinsi zinavyogeuzwa na kupulizwa. Akatoa jozi moja mkobani akaiweka mezani. Mjumbe mmoja, daktari mzee, akaichukua, akaivuta vidole, akaielekeza kwenye mwanga, akainusa.

"Lakini hizi ni mpya," alisema.

"Si mpya, baba. Zimefuliwa mara nne."

"Mama, nimevaa glavu miaka thelathini."

Katibu akaomba nafasi. Akasema kwa heshima kubwa kwamba huyu ni mama mzazi wa mshtakiwa, na mama gani asingesema uongo kumwokoa mwanawe. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama Povu akaona ardhi inateleza, akasema basi waulizeni huyu Katibu nani alimpelekea habari za kitunguu. Ni mimi huyu huyu. Siku ile nilisema nisichokijua, tena kwa woga, nikaaminiwa kabla kiti hakijapata joto. Leo nasema ninachokijua, mnaniambia mimi ni mama.

Mwenyekiti akamgeukia Katibu. Katibu akafunga faili lake polepole.

"Mtoa taarifa wetu aliomba asitajwe," alisema. "Kanuni zinatubana kumlinda. Siwezi kusema ni huyu mama, wala siwezi kusema si yeye."

Wakaenda kujadiliana, wakarudi kabla chai ya karani haijapoa. Leseni ilisimamishwa miaka mitatu. Kuhusu glavu, baraza halikuona ushahidi. Kuhusu Mama Povu, hospitali ilishauriwa kuangalia nidhamu yake kazini, na kumbukumbu za kikao, pamoja na majina yote yaliyotajwa, zitawekwa kwenye tovuti ya baraza ili mwananchi yeyote asome.

Karani alimkimbilia kwenye korido aweke sahihi. Akaweka, herufi kubwa kubwa, kama alivyofundishwa darasa la nne.

Jengo lilikuwa na ghorofa tatu na ngazi zilikuwa ndefu. Binti alitangulia. Kila siku alikuwa akimshika mamake mkono penye ngazi kwa sababu ya magoti, lakini siku hiyo hakugeuka. Mama Povu akashuka peke yake, kwa ubavu, ameshikilia chuma cha ukutani, akipumzika kila zinapokata kona. Alipofika chini alimkuta binti yake mlangoni. Alikuwa akimsubiri, ila amempa mgongo.