Ndizi za Jumapili

Sajenti Eustadia alikuwa muuguzi wa jeshi, na dawa yake mwenyewe ilikuwa kumenya ndizi. Kila Jumapili yeye na Koplo Felicitas, muuguzi mwenzake katika zahanati ya kambi iliyo nje kidogo ya Nkwenda, walinunua mkungu sokoni, wakajipaka mafuta mikononi utomvu usiwagande, wakakaa nyuma ya nyumba kumenya na kutoa ya moyoni. Sharti lilikuwa moja: ya hapo yanaishia hapo. Wakubwa waliwahi kuleta semina ya afya ya akili, chai na maandazi juu, na kila muuguzi akasema yuko salama. Nani ajichongee mbele ya afande?

Jumapili moja Eustadia alisema lililokuwa likimtafuna. Tangu arudi kutoka misheni ya kulinda amani nje ya nchi, mtoto akilia wodini mikono yake inatetemeka. Wiki ile alishindwa kumchoma mtoto sindano, akajifungia stoo mpaka akatulia. Felicitas alimshika bega, akalia naye. Siku hiyo Eustadia alilala fofofo, jambo ambalo lilikuwa limemkimbia kwa miezi.

Alhamisi akaitwa na Kapteni Protase, mkuu wa zahanati. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye kozi ya uuguzi wa upasuaji, kozi aliyoisubiri miaka minne. Kapteni hakumgombeza. Alisema tu kwamba habari za mikono na za stoo zimemfikia, apumzike kwanza. Za stoo alizijua mtu mmoja tu.

Alimkuta Felicitas akipanga dawa.

"Ni wewe?"

"Dada, niliogopa. Ungepatwa na jambo ningejisamehe vipi?"

"Ungeniambia mimi kwanza."

Eustadia aliumia kuliko alivyowahi kuumia kule misheni, maana kule adui alijulikana.

Kapteni naye, kwa huruma zake, akaagiza kila Jumatatu Sajenti akae na mtu wa kumsikiliza. Akamteua anayemfahamu vizuri zaidi. Jumatatu ilipofika, aliyekuwa nyuma ya meza na fomu alikuwa Felicitas, macho chini.

"Unalalaje siku hizi, afande?"

"Vizuri."

"Na mikono?"

Eustadia aliificha chini ya meza, akaifumbata.

"Haina shida."

Felicitas alijua ni uongo. Akauandika.