Ua la Bibi Harusi

Mswada wa mjomba wake ulimkera mhariri tangu ukurasa wa kwanza. Milima ilitabasamu. Majani yalicheza kwa furaha. Kila mti ulikuwa "mti mrefu wenye kivuli mwanana", usio na jina, wala gome, wala mdudu. Alisoma kama mtu anayelazimishwa kunywa sharubati iliyotiwa sukari mara tatu. Kichefuchefu hasa kilimshika kwenye sura ya harusi: bibi harusi anachuma ua la jangwani lenye umbo la nyota, analichomeka nyweleni, na "manukato yake yanalevya bonde zima".

Alimpigia simu.

"Mjomba, hili ua umewahi kuliona?"

"Nimeliona kwenye picha. Zuri ajabu."

"Linanukaje?"

Mjomba akacheka. "Maua hayanuki, mwanangu. Maua hunukia."

Ijumaa mjomba, ambaye hakupenda kuhojiwa na mtoto wa dada yake, alifika ofisini na chungu alichonunua kwenye kitalu cha miche. Ndani mlikuwa na vishina vinene vyenye pembe, bila jani hata moja, na tumba moja lililovimba kama puto. Akakitua mezani kwa mhariri, juu ya mswada.

"Likichanua, utaniomba radhi."

Lilichanua mwisho wa wiki, ofisi ikiwa imefungwa.

Jumatatu msahihishaji ndiye aliyefungua mlango, na ndiye aliyetoka mbio ameziba pua. "Kuna kitu kimekufa humu!"

Wakasogeza makabati kutafuta panya. Mhasibu akashutumiwa kwamba amesahau chakula kwenye droo. Akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Mhariri akaamua kuwafuata nzi, na nzi wakampeleka mezani kwake.

Ua lilikuwa la umbo la nyota, pana kama kiganja, rangi ya maini yaliyolala, lenye vinyweleo kama ngozi ya mzoga. Nzi wa kijani walipandana katikati yake. Walikuwa wameshataga, na funza wachache walioanguliwa walifurukuta wakitafuta nyama isiyokuwepo. Mhariri akamfikiria yule bibi harusi na nywele zake. Mate yakamjaa mdomoni, akayatema kwenye pipa la taka.

Mjomba aliitwa. Akaja ametinga suti, akainama kwa madaha, akavuta pumzi ndefu. Chooni hakufika, alitapika koridoni, mkono ukutani.

Mhariri alimhurumia, akamletea maji. Kwa mara ya kwanza aliona kitabu ndani ya kile kitabu. "Sasa sura tunayo, Mjomba. Andika hiki hiki. Bibi harusi ameshalichomeka kichwani, wageni wanajifanya hawasikii harufu, mama mkwe hajui pa kutazama. Hiyo nitaichapa."

Mjomba akafuta mdomo, akavuta mswada, akafungua kalamu. Akakata "ua la jangwani lenye umbo la nyota", akaandika juu yake: *waridi*.

"Basi. Yamekwisha."

"Na sentensi zilizobaki?"

"Zinafaa vilevile. Kwani ua si ua?"

Hapo ndipo mhariri alipokinai zaidi kuliko alipowaona funza. Ukurasa mzima ulilifaa ua lolote duniani kwa sababu hamkuwa na ua ndani yake. Akaufunga mswada, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Siuchapi, Mjomba."

Jioni mama yake alipiga simu. "Kaka yangu hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Umemvunja moyo."

"Hajala kwa sababu ametapika, Mama."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Ungemfichia aibu. Ni mjomba wako."

"Ndiyo maana nimemwambia mwenyewe, ana kwa ana."

Mswada ulichapwa kwingine. Tangu hapo, wakikutana kwenye shughuli za ukoo, mjomba humpa mkono huku akitazama pembeni. Humuuma mhariri, maana mjomba ndiye aliyemfundisha kusoma.