Mlango wa Mzee Komeo

Kwa miaka thelathini na mmoja, kazi ya Mzee Komeo ilikuwa kufunga mlango. Ulikuwa mlango mmoja tu, mnene kuliko godoro, wa ghala la baridi la nyama na samaki, na mtu akiuacha wazi nusu saa basi kesho yake wote mnatembea mmeziba pua. Yeye hakuuacha wazi hata siku moja. Alipostaafu, wenzake walimzawadia ufunguo wa zamani wa ghala hilo, chuma kizito kama nyundo ndogo. Jina la Komeo likamfuata nyumbani, na tabia nayo ikamfuata. Alifunga kabati, alifunga friji, alifunga birika na chupa ya asali, na madirisha hata kama joto limekaba watu roho. Marehemu mkewe alizoea kumtania kwamba angeufunga hata mdomo wa mwenye nyumba wao, laiti ungekuwa na kitasa.

Mkewe alipofariki, mwanawe, dereva wa malori ya safari ndefu, alimchukua akaishi kwake. Mzee aliingia nyumba ile na begi moja na hofu moja. Hofu yenyewe ilikuwa ya kuwa mgeni asiyeondoka: yule anayekaa sebuleni akiletewa chai, akiulizwa kama amelala vizuri, mpaka wenyeji wanachoka kuuliza. Wiki mbili nzima hakusema zaidi ya salamu na asante.

Aliyemwondolea hofu hiyo ni mkamwana wake, ambaye alikuwa muuguzi. Siku moja alimpeleka kwenye kichumba cha nyuma ya jiko na kumwonyesha mashine ya kufulia, ile ya mlango wa kioo mbele.

"Baba, mimi na hii kitu tumeshindwana," akasema. "Nikitoka zamu sina nguvu hata ya kubonyeza kitufe. Naomba uichukue iwe yako."

Iwe yako! Mzee Komeo alivijifunza vile vitufe kama mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani. Alitenga nyeupe na za rangi, akapekua mifuko ya ovaroli za mwanawe na kutoa skrubu za kujaza kikombe. Nguo za ndani kila mtu alijifulia mwenyewe kwa mkono. Hilo halikuhitaji kikao. Lakini mashuka, mapazia, na zaidi ya yote magauni meupe ya kazi ya mkamwana wake, yote yalipita mikononi mwake. Akiyaona yanapepea kambani alijihisi bado ana kazi duniani, akamshukuru yule binti kimoyomoyo, na mara nyingine kwa sauti, kama hakuna mtu karibu.

Dosari aliyoiona kwa binti ilikuwa moja tu. Kila asubuhi alikuta mlango wa mashine uko wazi, umeachama. Binti wa watu amechoka, aliwaza, anasahau. Hakumwambia, wala hangemwambia mwanawe. Alikuja nyuma yake polepole, akausukuma mlango hadi ukalia "ta!", akaipiga mashine mgongoni na kusema, "Haya, lala salama," maneno yaleyale aliyokuwa akiliambia ghala kila jioni. Ilimfurahisha kuwa na kitu cha kumsitiri mtu aliyemsitiri yeye.

Jumatatu moja mkamwana alirudi uso umemshuka. Alikaa bila kuvua viatu. Mzee akazima redio.

"Kuna nini, mama?"

"Matroni ameniita ofisini."

Miaka minne yule binti alikuwa akiomba kuhamia wodi ya wazazi, na hatimaye walimpa miezi mitatu ya majaribio, iliyokuwa inamalizika Ijumaa. Kazi yake ilisifiwa. Lakini asubuhi ile mzazi mmoja alimkumbatia mtoto wake mchanga na kuomba aletewe muuguzi mwingine, kwa sababu gauni la huyu lilinuka kama chumba kilichofungwa mwaka mzima. Matroni alikuja mwenyewe, akanusa, akakunja uso. Alisema kwenye wodi yake anayenuka ukungu hashiki mtoto mchanga. Ijumaa atanusa tena, na harufu ikiwepo, arudi alikotoka.

"Kosa langu, Baba," mkamwana akasema. "Jana nilichoka mno."

Mzee hakuelewa uchovu unahusiana vipi na harufu. Alidhani ni adabu tu, binti anajitwisha lawama ili yeye asiumie. Lakini magauni yale nani aliyeyafua? Mapema Jumanne alikunja mikono ya shati na kuivamia mashine.

Alipitisha kitambaa kwenye mpira mnene unaozunguka mlango, kikatoka na utelezi mweusi, kibanio cha nywele, na soksi ambayo mwanawe aliilaumu hoteli kwa kuiiba. Alifungua chujio la chini bila kutega beseni, maji yakamwagika mpaka sebuleni, naye akabaki akiyazuia kwa magoti huku akiyatukana kistaarabu. Akamimina siki ndani ya pipa la mashine, akaizungusha mashine kwa maji ya moto kabisa bila nguo. Ilipomaliza, alichungulia, akanusa, akaridhika. Ili ule usafi usitoke, akaufunga mlango kwa nguvu zaidi kuliko siku zote.

Jumatano, mlango ulikuwa wazi tena, na alipofua gauni na kulinusa, harufu ilikuwepo. Ilikuwa imepungua, lakini pua ya Matroni haikuwa pua ya kubahatisha. Siku mbili zimebaki, na mtu aliyempa kazi anakaribia kukosa kazi kwa mikono yake. Akavaa kofia, akaenda kumwita Fundi Bisibisi.

Fundi Bisibisi alikuwa mama mfupi wa duka la kona, aliyevaa bisibisi sikioni kama wenzake wanavyovaa kalamu. Alipiga magoti mbele ya mashine, akanusa kila upande bila haraka.

"Chujio umelisafisha vizuri, mzee. Siki nayo sawa. Sabuni unaweka kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Viwili? Kwani unafua tembo?" Akachomoa droo ya sabuni yote nzima, akaigeuza. Chini yake palikuwa na tope jeusi lililoganda. Akavuta mpira wa mlango, akafunua mkunjo wa ndani kabisa ambao kitambaa cha mzee hakikuufikia, napo palikuwa hivyohivyo. "Sabuni ikizidi haisuuziki yote, inabaki humu inaoza. Lakini hii peke yake isingefika hapa. Mlango huu anafunga nani?"

"Mimi," Mzee Komeo akasema, akajinyoosha kidogo. "Kila siku. Sijawahi kusahau."

Fundi akamtazama, kisha akateremsha sauti kama anayetoa habari ya msiba. "Basi mzee wangu, ugonjwa ndio huo. Humu ndani pana maji siku zote. Ukifunga, umefungia unyevu na joto na giza. Ukungu unataka nini zaidi? Ukimaliza kufua, kausha mpira na uache wazi. Hili si ghala la nyama."

Mzee akautazama ule mlango.

"Tena mbona nilishamwambia dada wa hapa?" Fundi akaendelea huku akikusanya vifaa. "Alinijia dukani mwezi uliopita. Nikamwambia auache mlango wazi, akaniambia anauacha wazi kila siku. Nikashangaa sana."

Fundi alipoondoka, mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti hakuwa akisahau. Miezi yote hiyo binti alikuwa akifungua, na yeye akifunga, na alijiona mwema.

Jioni mkamwana alipoingia, alimkuta hapohapo.

"Ulikuwa unajua," mzee akasema.

Mkamwana akatazama droo iliyochomolewa, akaelewa. Akavuta ndoo nyingine akakaa. "Nilikuwa najua, Baba."

"Sasa magauni uliyavaaje miezi yote hii?"

"Nilikuwa nayarudia kwa mkono. Alfajiri, kabla hujaamka. Jumapili nilichoka, sikurudia."

Mzee akakumbuka yale maji ya bafuni. Alikuwa akiyasikia karibu kila alfajiri, na kwa kuwa ni baba mkwe anayejiheshimu, aliamini ni nguo za binafsi, akageukia ukutani asisikie zaidi. Zamu nzima hospitali, kisha beseni kabla ya jua, na yeye anageukia ukutani!

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Neno moja tu. Ningekasirika?"

"Hungekasirika. Ungeniachia mashine." Mkamwana alikuwa akisugua kiganja chake kilichokauka kwa sabuni. "Ulipokuja hapa ulinyamaza wiki mbili. Mume wangu alikuwa analia kwenye simu, anasema baba amekwisha. Neno la kwanza uliloongea bila kuulizwa hukutuambia sisi. Uliiambia mashine. Ulifunga mlango ukasema, lala salama. Mimi nilikuwa hapo jikoni, nimesimama na kijiko mkononi. Ningeanzaje kukwambia usifunge?"

Mzee Komeo alitafuta neno la asante. Alikuwa amelitumia mno kwa vikombe vya chai, sasa lilionekana dogo. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Uliiweka kazi yako rehani kwa ajili ya mlango wangu," akasema. "Sina cha kukulipa. Lakini asante, mama. Asante sana. Na usirudie tena upumbavu kama huo."

Mkamwana akacheka huku naye akijifuta macho. "Sirudii. Nawe vikombe viwili vya sabuni uache."

Alhamisi walifanya kazi pamoja, maana mkamwana alikuwa na mapumziko. Yeye aliufunua mkunjo wa mpira na mzee akasugua kwa mswaki wa zamani, kisha droo, kisha tundu inamokaa droo, kisha maji ya moto mara mbili. Gauni likafuliwa kwa kijiko kimoja cha sabuni na kuanikwa penye jua kali. Mlango ukaachwa wazi, ukining'inia pale. Mara tatu Mzee Komeo alijikuta mkono wake umeshaukamata bila yeye kuutuma. Mara ya tatu alikwenda chumbani, akarudi na ufunguo wa ghala, akaufunga kwa kamba kwenye kitasa cha mlango wa mashine, uning'inie ndani, ili mlango ukisukumwa ugonge chuma usifungike.

Ijumaa, kuanzia saa tisa alikuwa nje akifagia kipande kilekile cha ua. Alipomwona mkamwana anakuja, hakuweza kuusoma uso wake. Akashikilia ufagio.

"Matroni alikuja hadi hapa," mkamwana akasema, akigusa bega lake. "Akanusa upande huu. Akazunguka, akanusa na upande huu. Wenzangu wote wametukodolea macho. Halafu akaniuliza, nani anakufulia?"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, baba yangu. Akasema, mbona faili lako linasema baba yako alifariki ukiwa mdogo. Nikamwambia ndiyo, yule alifariki. Huyu ninaye." Akatoa karatasi kwenye mkoba, yenye sahihi na muhuri. "Amenithibitisha, Baba."

Mzee aliishika karatasi kwa ncha za vidole, asiichafue kwa mikono ya ufagio. Aliisoma yote, hata tarehe. Kisha akasema gauni hilo livuliwe upesi, lina jasho la kutwa nzima, akakimbilia kichumba cha nyuma.

Alilifua, akalitoa, akakausha mpira mkunjo kwa mkunjo. Mkono wake, kwa ukaidi wa miaka thelathini na mmoja, ukausukuma mlango. Ufunguo ukagonga chuma, "ngo!", na mlango ukarudi kumwachamia. Jikoni, kijiko kilichokuwa kikikoroga kikanyamaza.

"Haya," Mzee Komeo akaiambia mashine, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "lala salama." Akauacha wazi.