Mawe Juu ya Shimo la Tangawizi

Baba yangu, Pasikali, alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka saba. Alikulia hapa Kasulu, akawa mchimbaji wa vyoo, visima na mashimo ya kuhifadhia mbegu za tangawizi. Mbele ya wasomi hunyamaza, anaona Kiswahili chake kina Kirundi kingi mno.

Mimi nafundisha historia. Mwezi wa pili niliwasimulia kidato cha sita vita vya Tarawa, katika bahari ya Pasifiki, vya mwaka 1943. Meli za Kimarekani zilikipiga mizinga kisiwa cha urefu wa kilomita tatu hivi kwa saa kadhaa. Askari wao waliposogea ufukweni kwa boti, Wajapani wengi waliokishika kisiwa walikuwa bado wazima, wanawasubiri.

"Madam, haiingii akilini," alisema Firdausi, msichana asiyeridhika upesi. "Mabomu yote yale?"

Nilisoma tena aya ileile. Hata mimi haikuniingia.

Jioni nilimweleza baba, na jinsi Wajapani walivyojichimbia mahandaki. Aliuliza jambo moja tu: "Paa lao lilikuwa la nini?"

"Magogo ya minazi, juu yake mchanga."

"Ah, basi nawaelewa."

Nikamwomba awaeleze wanafunzi. "Watanicheka, Esteri," alisema. Nilimbembeleza hadi Ijumaa.

Jumamosi wakaja shambani. Baba aliwaonyesha shimo lake jipya, limeezekwa magogo na kufukiwa udongo mnene, na upande mmoja lina kitundu cha kuingilia. Akawakabidhi mawe, akawasimamisha mbali, kwenye migomba.

"Mimi naingia. Nyie pigeni, halafu mje mnikamate."

"Babu, hapana!" walikataa.

"Paa nimejenga mwenyewe. Pigeni!"

Wakapiga. Mawe yaliyokwenda chinichini yaligonga mgongo wa paa yakaruka kando. La Firdausi lilipaa juu, likashuka wima, likazama kwenye udongo na kuishia hapo. Vumbi lilitanda, kitundu hakionekani tena, wakawa wanarusha kwa kubahatisha. Mawe yakaisha, wakaanza kukimbia. Hawajafika nusu ya njia, kichwa cha baba kikachomoza, na kipande cha tangawizi kikampiga Firdausi begani.

"Mmeacha kupiga, nyie bado mko mbali!" baba alipaza sauti. "Na wale wa kisiwani ndivyo walivyopata nafasi."

Walicheka hadi wakakaa chini. Firdausi ndiye aliyenyamaza kwanza. "Babu, haya umeyajuaje?"

Baba alijifuta udongo usoni. "Kule Burundi, mama alitufukia kwenye shimo la viazi, siku mbili. Juu askari wanapiga risasi. Kukawa kimya. Hapo ndipo tulipoogopa kweli, tukijua sasa wanakuja kwa miguu."

Miaka arobaini niliyoishi nikiwa binti yake, sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilimshika mkono.

"Na wale wa kwenye boti?" aliniuliza.

"Walikufa zaidi ya elfu moja, baba. Na wa kisiwani karibu wote."

Akavua kofia, akakaa nayo magotini.

Walipoondoka, mimi na yeye tulibaki kurudishia udongo uliomomonyoka. Nilishika jembe, yeye akashindilia kwa miguu, akinisimulia habari za bibi: alivyowaziba watoto wake midomo kwa kanga, alivyowaimbia kwa kunong'ona. Kazi iliisha mapema. Tukaketi pale pale juu ya paa, naye akaendelea.