Kifua cha Kuazima

Afande Nicanor, askari magereza wa Jinja, hakuogopa mfungwa wala mkubwa wake wa kazi. Aliogopa mashine moja tu, nayo ilikuwa Mbale. Alizaliwa na vali ya moyo yenye vilango viwili badala ya vitatu, na kila mwaka ilimbidi apimwe kwa ultrasaundi ionekane kama mshipa mkubwa unaotoka moyoni unazidi kutanuka. Mwaka huu mashindano ya kuvuta kamba yalikuwa yamekaribia, naye ndiye nguzo ya timu. Kipimo kikiwa kibaya, daktari angemkataza kuigusa kamba.

Akampigia simu pacha wake, Opio, mwalimu anayekaa Nkoma, hapo hapo Mbale.

"Nenda wewe. Sura zetu ni moja."

"Na moyo?"

"Wako ni mzima. Ndiyo maana nakutuma."

Opio alikubali upesi kuliko inavyompasa mwalimu. Siku ya kipimo aliingia kliniki na kadi ya ndugu yake, kifua mbele, akitembea kama yuko gwarideni.

"Afande, lalia ubavu wa kushoto," alisema Madinah, mpimaji.

"Sawa," Opio alijibu kwa sauti nzito. Jeli ya baridi ilipomgusa mbavuni, sauti ile ikamtoroka, akacheka kama mtoto.

Madinah alitazama skrini, akafungua faili, akaitazama tena skrini.

"Afande, unakunywa dawa gani?"

"Zile zile."

"Basi niandikie jina niwape na wengine. Mwaka jana mshipa huu ulikuwa milimita arobaini na tano. Leo ni arobaini. Mshipa haurudi nyuma kama fulana iliyofuliwa. Wewe ni nani?"

Opio akaangalia dari. "Pacha wake."

"Nilidhani hivyo. Usiinuke, sijamaliza. Vilango vyako navyo ni viwili."

Opio alicheka tena, lakini peke yake. Madinah akamgeuzia skrini, akamwonyesha vilango viwili vikifunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki. "Kwa sasa si hatari," alisema, "lakini utakuja kila mwaka. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Nje, Opio akapiga simu Jinja.

"Nimefaulu?" Nicanor aliuliza.

"Umefeli. Na mimi pia." Akamweleza yote.

"Pole, bwana. Basi nawe huwezi kuvuta kamba."

"Sijawahi kuvuta kamba maishani."

"Ndiyo hivyo. Na sasa hutavuta."

Wiki iliyofuata Nicanor alikwenda Mbale mwenyewe, akalala kitandani bila ubishi huku Opio amekaa mlangoni kama mlinzi. Mshipa ulikuwa milimita arobaini na sita, na kamba ikapigwa marufuku. Siku ya mashindano alipewa filimbi, akasimama pembeni. Timu yake ilishinda bila yeye, na hilo lilimuuma kuliko habari zote za moyo.