Seva Imemkataa Mgeni

Tangu Hemal alipowasha moto wa kuchomea maiti ya baba yao bila kumsubiri, Harish hakumpa mdogo wake hata salamu. Miaka miwili. Yeye ndiye kifungua mimba, moto ule ulikuwa haki yake kwa mila zote za Kihindu, na siku ile gari lilimharibikia Geita, akafika Kahama akakuta majivu. Hemal alijitetea kwamba jua lilikuwa linazama, na maiti haichomwi usiku. Basi wakagawana duka la vifaa vya ujenzi, ukuta katikati, na watu wa mtaa wao wa Nyasubi wakapata cha kuzungumza.

Kilisalia kitu kimoja tu. Enzi za baba waliunganisha kompyuta zao kwa waya, wakicheza vita vya vifaru; ukuta ulipojengwa, mafundi waliupenyeza humo. Waya huo hakuna aliyethubutu kuuchomoa. Kila Jumapili saa tisa alasiri Harish aliwasha seva, mlango wa kumpokea mchezaji mwenzake, upande wake. Dakika haipiti, jina la Hemal limetokea kwenye kioo cha kompyuta. Walirushiana mabomu hadi jioni bila neno. Ungemwuliza Harish angekuambia ni mchezo tu. Mwongo! Saa hizo tatu ndizo zilizokuwa undugu wake wote, na alizisubiri wiki nzima.

Jumapili moja ya Agosti 1998 jina lilitokea, likapotea. Kioo kikaeleza: toleo la mgeni ni moja nukta mbili, la seva ni moja nukta sifuri, mgeni amekataliwa. Harish akazima, akawasha. Jina, kisha kapa. Akaufuta mchezo wote, akauweka upya kutoka kwenye disketi. Namba ile ile. Hemal alijaribu kuingia mara saba, mara nane, kisha akanyamaza.

Dawa ilikuwa nyepesi: kwenda kwa jirani na kuuliza, "Umeweka lipi?" Harish akaona heri ang'olewe jino.

Jumatatu alitia disketi zake nne kwenye bahasha pamoja na kikaratasi cha kuomba toleo jipya, akaigundisha, akampa Kalisti, dereva wa lori aliyewaletea ndugu wote wawili mizigo kutoka Mwanza. Kule kulikuwa na fundi wa kunakili michezo, ila disketi tupu zilikuwa adimu; ulipeleka zako, naye akaandika juu ya kilichokuwamo. La zamani likafutika, likaja jipya. Jumapili Harish akaliweka, akaiona namba kwa macho yake: moja nukta mbili. Saa tisa akawasha seva.

Jina la Hemal likatokea. Toleo la mgeni ni moja nukta sifuri. Mgeni amekataliwa.

Wiki iliyopita lilikuwa jipya, leo limekuwa la zamani! Basi hapo hakuna hitilafu, ni makusudi; yule mtu hataki tena kucheza naye, na anataka ajue hivyo. Uchungu ukamrudia, ule ule wa siku ya majivu. Harish akaushika waya, akaung'oa.

Alhamisi Kalisti alikuwa akishusha mabati. "Bosi," akauliza, "zile disketi zilifaa? Maana na za jirani nilizipeleka siku ile ile, kwa fundi yule yule."

Dukani mwa Harish jirani hakutajwa, na kila mfanyakazi alilijua hilo. Leo mwenye amri akaivunja mwenyewe. "Hemal alitaka nini?"

"Mimi sijui mambo yenu hayo. Alinikazania nimwambie fundi amtilie lile la zamani, kama la kaka yake. Halafu Jumatatu hii kaniita, kanipakizia na kompyuta yenyewe. Nimeshamuuzia huko Mwanza."

Harish alitoka mbio bila viatu. Hemal alikuwa nyuma ya kaunta, wateja wawili wamesimama mbele yake. Akainua macho. Harish alikuwa na maneno tele mdomoni, ya Kigujarati, ya namba na waya na baba.

"Karibu, mzee," Hemal akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu kuzaliwa hawakuwahi kuitumia wao kwa wao. "Nikupatie nini?"

Harish akasikia sauti yake ikijibu, kwa Kiswahili vilevile:

"Misumari. Nusu kilo."

Hemal akapima, akafunga kwenye gazeti, akamgeukia mteja aliyefuata.