Vyeti Ishirini na Viwili

Nilipoingia ofisini kwake, Silvester hakuinuka. Alinionyesha kiti kwa kidevu, macho yakiwa kwenye simu.

Nilikuwa nesi wa zahanati kwa miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo huko Karema. Tangu nistaafu nazunguka Mpanda mjini nikiwasaidia waajiri kutimiza masharti mapya ya huduma ya kwanza kazini. Masharti yenyewe hayana ugumu. Kila zamu iwe na watu waliofundishwa kweli, sanduku la dawa likae karibu na kazi, tena lisifungwe kwa kufuli. Silvester alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga hapa Majengo, na wafanyakazi ishirini na wawili.

"Sanduku lipo," alisema, akatoa funguo mfukoni na kufungua droo ya meza.

Ndani mlikuwa na majani ya chai, chaja ya simu, vidonge vya maumivu vilivyopitwa na muda na bandeji moja iliyoganda kwa gundi.

"Hili ni kabati lako la chai," nikamwambia.

"Sista, wewe andika tu kwamba tumefundishwa. Wakaguzi wanasoma karatasi."

"Nahitaji siku mbili na wafanyakazi wako."

"Mashine izime siku mbili? Hawa wamekua wakichunga ng'ombe. Wakiumia wanajipaka majivu, wanaendelea."

Alisema hayo huku Manyanda, msimamizi wa zamu, Msukuma aliyetoka Kasansa, amesimama mlangoni na daftari la mizigo. Manyanda akatazama viatu vyake. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikaondoka bila kuaga.

Silvester akamwita Abednego. Huyu zamani aliuza dawa za mifugo, na elimu yake yote ya tiba ni muhuri na printa. Wiki mbili baadaye nilikwenda pale kununua pumba za kuku, nikaviona vyeti ishirini na viwili vimepangwa ukutani kwenye fremu. Nyoka wa kwenye nembo ya tiba alikuwa amechorwa vibaya hata akafanana na mnyoo. Cheti kimoja kilikuwa cha Arcade, mlinzi aliyehamia Kigoma tangu Pasaka.

Nyumbani nilimsimulia dada yangu Katarina, tukacheka mpaka machozi. Kila nilipopita pale nilimwangalia Silvester kama mtu anavyoangalia kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. Namba ya mkaguzi ninayo kwenye simu. Sikuipiga. Kwa miezi mitatu mizima, kumdharau kulinitosha.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Minza, mama anayepepeta mchele pale mashineni, alifika kwangu anahema.

"Sista, mkanda umemshika Manyanda mkono!"

Tulikimbia. Mashine ilikuwa imezimwa, na Manyanda amekaa juu ya gunia, damu ikimchuruzika kiganjani. Mmoja alikuwa anammiminia mafuta ya taa. Mwingine ameshika pumba, anataka kuzibandika kwenye kidonda. Wa tatu anamkaza waya kwenye mkono. Wote watatu walikuwa na vyeti.

"Acheni! Nani kafundishwa hapa?"

Aliyeshika waya akasema, "Sista, mimi niliitwa tu kupokea cheti."

Minza akanivulia kanga yake ya juu. Nikaikunja, nikaiweka kwenye kidonda, nikauinua mkono.

"Bonyeza hapa, Minza. Kwa nguvu. Usiachie."

"Mayu, nitakufa?" Manyanda aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Hufi. Niangalie mimi, usiangalie mkono."

Tulihitaji gari. Nikauliza bosi yuko wapi, na Minza akaelekeza mdomo wake ofisini.

Silvester alikuwa amesimama juu ya kiti, anabandua vyeti. Kama nusu yavyo vilikuwa tayari ndani ya gunia.

"Gari," nikasema.

"Nakuja, Sista. Namalizia hivi vichache."

Nimeona watu wengi wakiogopa damu. Kuna wanaokimbia, kuna wanaosali, kuna wanaotapika, na wote hao nimewasamehe. Huyu mtu wake alikuwa anavuja damu hatua ishirini kutoka pale, na yeye anahesabu misumari. Nikachukua funguo za gari mezani, nikamrushia Elia, mpakiaji anayejua kuendesha, tukaenda.

Hospitali waliokoa kidole gumba na vingine viwili. Viwili vilikatwa.

Mchana ule ule nikampigia mkaguzi. Nikamweleza yote, na kwamba nilijua tangu mwanzo.

"Sasa mbona hukusema, mama?" akauliza.

Nikamwomba aandike na jina langu.

Mashine ikafungwa mpaka wafanyakazi wafundishwe. Abednego akabadilisha laini ya simu. Silvester akanipigia mwenyewe, ananiita "dada yangu mpendwa". Nilikubali kuwafundisha kwa sharti kwamba naye akae mkekani na wenzake.

Siku ya kwanza nilimpa bandeji amfunge Minza. Ikamdondoka Minza kabla hajasimama.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Ikadondoka tena. Watu wakaficha vicheko viganjani.

"Unanidhalilisha mbele ya watu wangu," alininong'oneza.

"Ndiyo. Rudia."

Mara ya sita ikashika.

Siku ya pili Manyanda alikuja, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyemwita. Silvester akaharakisha kumletea kiti cha ofisini, kile chenye magurudumu. Manyanda akakitazama, akakipita, akakaa mkekani karibu na Minza.

"Mayu," akasema, "tuanzie pale mkanda unapomshika mtu. Nani azime, nani ashike mkono, nani aende kwenye gari. Hakuna aliyejua."

Tukaanzia hapo, mmoja mmoja, mpaka adhuhuri. Silvester alipotoa simu mfukoni nikamwambia aizime. Akaizima.